Kuifanya filta ya Model D ipige mluzi yenyewe

Juzi kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya alinijia na Behringer Model D yake, ile nakala ya Minimoog, sintesaiza (kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme). Alitaka ule mluzi mwembamba unaotoka kwenye filta yenyewe (sehemu inayokata baadhi ya masafa ya sauti), osileta zote, yaani sehemu zinazozalisha sauti, zikiwa zimezimwa. Tulimaliza kwa nusu saa. Mimi nilipojifunza peke yangu nilipoteza jioni mbili, zote kwenye hatua ya nne.

1. Punguza sauti. Mluzi huu huweza kuruka juu ghafla, na masikio hayana spea. Kwa kazi hii situmii hedifoni kabisa.

2. Kwenye miksa, zima swichi zote tano: osileta tatu, noizi na ingizo la nje.

3. Peleka nobu ya emfasisi (kwingine huitwa rezonansi) hadi mwisho, weka katofu (nobu ya masafa ambayo filta huanza kukata) katikati, kisha shikilia noti. Ni jambo lile lile la maiki iliyosogezwa karibu na spika kanisani. Filta hii ina ngazi nne. Kwenye masafa ya katofu kila ngazi huchelewesha wimbi kwa nyuzi 45, jumla 180, na kinachobaki ni robo tu ya kimo cha wimbi. Emfasisi huligeuza wimbi hilo na kulirudisha mwanzoni. Likikuzwa mara 4, hakipotei kitu, na filta inaimba.

4. Sasa ipige muziki. Hapa ndipo nilipokwama. Nilikuwa napiga do hadi do ya juu, lakini kinachosikika ni do hadi mi. Nikadhani mashine mbovu, nikakaribia kuifungua niguseguse trima (skrubu ndogo za kurekebisha) za ndani. Usifanye hivyo! Kuna swichi mbili za kufuata kibodi, zinazofanya katofu ipande na kushuka na noti unazopiga: ya kwanza hupitisha theluthi moja ya mwendo, ya pili theluthi mbili. Oktavo ina nusutoni 12, kwa hiyo ukiwasha ya kwanza peke yake unapata 4, yaani mi. Ya pili peke yake inakupa 8, katikati ya so na la. Washa zote mbili.

Bado? Angalia kiasi cha kontua ya filta (inayosukuma katofu juu kila noti inapoanza) kiwe sifuri kabisa, maana kikizidi hata kidogo kila noti itaanza juu na kuteleza. Modulesheni ya filta, inayotikisa katofu, nayo izimwe. Halafu subiri: saketi za analogi huhama tuni zikiwa bado baridi, nami huiacha mashine iwake dakika 20 kabla sijagusa chochote. Kisha piga la, fungua tuna ya simu, sogeza katofu taratibu hadi isome 440 Hz. Wengine hutuna kwa sikio. Mimi siwezi, mluzi usio na rangi hudanganya. Hata hivyo usitegemee oktavo tano safi. Tatu zikikaa sawa, shukuru.

Ukiigusa katofu baadaye, umeharibu tuni. Bandika kipande cha selotepu.

5. Ukitaka ngoma ya kiki badala ya mluzi: zima zile swichi mbili, shusha katofu chini sana, ongeza kontua, fupisha dikei (muda wa kontua kushuka).