Jinsi ya kuchora barua ya uhalisia pepe kwa aliye mbali na dunia

Machi 1965, mwanaanga wa Kisovieti Aleksei Leonov alichora macheo akiwa ndani ya chombo cha Voskhod 2, penseli zake za rangi zimefungwa kwa uzi zisielee. Tangu hapo watu wamepeleka angani picha nyingi za misitu na fukwe, lakini picha nzuri huchosha upesi: siku ya tatu ni ukuta tu. Kinachopunguza upweke ni kuona kazi ya mkono wa mtu wa nyumbani, na kupewa nafasi ya kuijibu. Barua hapa ni mchoro wa pande tatu unaotazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe, kana kwamba umesimama ndani yake. Mwongozo huu ni wa majaribio ya ardhini: mchoraji mmoja Kampala, mpokeaji mmoja kwenye chumba kilichofungwa kinachoiga chombo cha angani.

Vifaa. Miwani miwili ya Meta Quest 2 au 3, programu ya Open Brush ya kuchorea hewani ukiwa umevaa miwani, kompyuta, waya wa USB-C, na nafasi tupu ya mita 2 kwa 2 kila upande. Betri hudumu takriban saa mbili, kwa hiyo weka pawabenki karibu. Umeme ukikatika kazi isisimame.

Hatua ya 1: chagua mahali padogo. Usichore Kampala nzima. Chora jiko moja: mafiga matatu, sufuria ya matoke iliyofunikwa kwa majani ya mgomba, kigoda. Au shina la mti wa mutuba lililobanduliwa gome la kutengenezea lubugo, kitambaa cha gome. Kila kitu kiwe na ukubwa wake halisi, ndani ya mita moja na nusu kutoka kwa mtazamaji. Vitu vya mbali humfanya atake kutembea, na chumba hakiruhusu.

Hatua ya 2: chora kwa awamu. Hapa ndipo penye kazi. Anza na mistari 100, hifadhi. Ongeza 100, hifadhi kama faili jipya, usiandike juu ya lile la kwanza. Ukifika mistari 400 utakuwa na mafaili manne, na mpokeaji atayafungua kwa mfuatano, aone sufuria inavyopata mfuniko na moto unavyowashwa. Usisahihishe kila kosa. Mstari uliotetemeka ndio unaomwambia kwamba kuna mtu.

Brashi za moshi, cheche na nyota zina uwazi mwingi na huilemea miwani. Picha zikishuka chini ya 72 kwa sekunde, mandhari hutetema na mtu hupata kichefuchefu. Kwa mvuke wa matoke, mistari mitatu inatosha.

Kisha acha kitu kimoja bila kukimaliza, makusudi: kikapu kisicho na mpini, kigoda chenye miguu miwili. Mchoro uliokamilika husifiwa tu. Mchoro wenye pengo hujibiwa.

Hatua ya 3: tuma. Nakili mafaili ya .tilt, ambayo Open Brush huhifadhi michoro ndani yake, kutoka folda ya Sketches. Kila nukta ya mstari hubeba mahali, mwelekeo, mgandamizo wa kidole na muda, kama baiti 36. Nukta 20,000 ni takriban KB 720. Video ya dakika moja kwa megabiti 5 kwa sekunde ni karibu MB 37. Kwa mawasiliano ya mbali, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hatua ya 4: iga ucheleweshaji. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliachiliwa Desemba 2022, kiko takriban kilomita 400 juu, na mazungumzo ya moja kwa moja yanawezekana. Kutoka Mirihi ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwa njia moja. Basi shikilia faili dakika 20 kabla ya kumpa mpokeaji, na jibu lake, yaani mistari aliyoongeza, vilevile. Kila mmoja awe na rangi yake, na asifute mstari wa mwenzake.

Hatua ya 5: kikao. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Chumba kiwe na mwanga: kwenye giza au mbele ya kuta nyeupe tupu, kamera za miwani hupoteza mahali zilipo. Usiache miwani dirishani. Jua likipita kwenye lenzi huunguza skrini ya ndani.

Miwani hii isipelekwe angani ilivyo. Vihisi vyake hutegemea mvutano wa dunia kujua chini ni wapi. Bila huo, mandhari huteleza pembeni. HTC Vive Focus 3, miwani ya aina nyingine iliyopelekwa kwa mwanaanga Andreas Mogensen kwenye kituo hicho mwaka 2023, ilibidi irekebishwe kwanza. Hata hivyo jizoeze mapema: usichore sakafu, na weka kitu kimoja kikubwa kisichosogea, kama shina la mti, macho yapate pa kushika.

Mpokeaji akifungua michoro mara tatu bila kuongeza mstari, usimlaumu. Punguza vitu hadi viwili, na pengo liwe karibu na mkono wake wa kulia, au wa kushoto kama ndio anaochorea.