Goti linasagika? Anza na jeli kabla ya vidonge

Kwenye kaunta ya duka la dawa ninapouza, hapa Morogoro, ombi la kila siku ni hili: "Mwanangu, nipe diklo, goti limeisha mafuta." Diklo ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Namwamkia mama, kisha namuuliza: presha unayo? Figo? Vidonda vya tumbo? Wengine hununa, wanaona nawachelewesha.

Kama daktari ameshathibitisha kuwa ni gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, inayosagika (gauti na baridi yabisi zina dawa zake), anza na jeli ya diklofenaki. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno kuliko ya kidonge. Tatizo ni kwamba watu huipaka kama manukato. Goti moja linataka gramu 2 hadi 4 kila unapopaka, mara 3 au 4 kwa siku. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 20 haivuki siku ya nne. Mtu anaivuta mwezi mzima, halafu anakuja kuniambia ni feki!

Ngozi iwe kavu, isiwe na kidonda. Zungusha goti lote, chua taratibu mpaka iingie, kisha nawa mikono. Usifunge bandeji ya kubana juu yake wala usikande kwa maji ya moto.

Ikishindikana, vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vinasaidia: unywe umeshakula, dozi ndogo inayotosha, siku chache, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Sindano ya makalioni haikwepi tumbo, maana madhara hupitia kwenye damu. Soma pakiti pia. Vidonge vya mchanganyiko mara nyingi vina diklofenaki na parasetamoli humo humo, usiongeze nyingine juu yake. Na wewe unayemeza losatani au lisinoprili, dawa za presha, pamoja na ile nyingine ya presha inayokukojoza, diklo sikuuzii bila daktari. Tatu hizo zikikutana, figo zinaweza kugoma.

Parasetamoli peke yake, kusema kweli, goti hulisaidia kidogo. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya goti hutuliza wiki kadhaa tu. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ni ghali na ushahidi wake hafifu. Kumuuzia mstaafu roho inanisuta.

Ukiona choo cheusi cha kunata, miguu kuvimba au mkojo kupungua, acha vidonge uende hospitali. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, nenda siku hiyo hiyo, usinisubiri nifungue duka.