Kabla hujamkabidhi mgonjwa wako, uliza ufunguo uko kwa nani

Barua ya kuruhusiwa ikisema mgonjwa wenu "aendelee na tiba shufaa karibu na nyumbani", msikimbilie kufunga mizigo. Kwanza jueni huko karibu na nyumbani kuna nani. Haya nayaandika kwa ajili ya watu wa Kigoma, ingawa ndugu zetu wa Tabora wanaorudi na wagonjwa wao kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, watajiona humo humo. Nimemuuguza mama mdogo hadi mwisho wake hapa Ujiji, na tangu hapo wamenijia majirani wasiopungua sita, kila mmoja na mgonjwa wake na maswali yale yale ya namna ya kumchagua mtoa huduma. Bora niyaandike mara moja nipumzike.

Tuelewane kwanza. Tiba shufaa ni kumtoa mgonjwa kwenye maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi, vidonda na hofu, na inaweza kuanza hata akiwa bado anapigwa mionzi kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar. Kwa hiyo usisubiri mpaka azidiwe. Na usitafute jumba zuri. Waganda walipoanza huduma hii mwaka 1993, chini ya Dk. Anne Merriman, nguzo yao ilikuwa nesi anayemfuata mgonjwa nyumbani na chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali inayokorogwa kutoka unga na isiyo ghali. Huku kwetu pia utakayempata huenda akawa ni kitengo ndani ya hospitali, au kikundi cha kanisa kinachopita majumbani, au nesi mstaafu mwenye pikipiki yake. Wote wanaweza kuwa wazuri. Wote wanaweza kukutia msibani kabla ya msiba.

Leseni: nesi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kituo kiwe kimesajiliwa. Omba kuviona. Mwenye navyo haoni tabu kuvitoa.

Bei iandikwe kwenye karatasi. Kuja nyumbani ni shilingi ngapi, mafuta ya pikipiki analipa nani, na pampasi, glavu na mpira wa mkojo vinatoka mfuko wa nani. Kama mna bima, waulizeni bima wenyewe kama huduma ya nyumbani imo. Msimuulize dada wa mapokezi.

Umbali nao uangalie vizuri. Kutoka Mwanga kuja Ujiji bajaji ipo muda wote. Ukiwa kijiji cha ziwani kama Kagunga, ambako wengi hupita majini, hesabu siku za boti na upepo, kilomita hazitakusaidia.

Sasa nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Kituo tulichomchagulia mama mdogo sitakitaja. Kilikuwa kisafi, sakafu unajiona uso, wahudumu wanaamkia wazee kwa adabu. Ukutani palikuwa na bango kubwa: TUNAPATIKANA SAA 24. Nikaridhika. Sikuuliza anayepatikana ni nani.

Mama mdogo alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Alikuwa akinywa morfini ya maji, mililita 10 saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku anapewa 20 ili apitilize hadi asubuhi bila kuamshwa. Ndivyo inavyonywewa, kila baada ya saa nne, kwa sababu nguvu yake haikai zaidi ya hapo, na hungoji maumivu yarudi ndipo utoe. Piga hesabu: mililita 60 kwa siku. Chupa ya mililita 500 inakwenda siku nane na kidogo. Sista, nesi wa kituo kile, alitupa chupa Jumatatu, akasema turudi Jumatatu inayofuata, na kwenye karatasi hesabu yake haikuwa na kasoro. Lakini mgonjwa wa namna ile ana dozi za katikati, zile za kumwongezea maumivu yakichomoka kabla ya saa yake. Wiki ile yalichomoka mara mbili kwa siku, siku nyingine mara tatu. Jumamosi jioni nikaiinua chupa kwenye mwanga wa taa, chini pamebaki povu.

Nikapiga namba ya kwenye bango. Ikaita, ikapokelewa mara moja. Moyo ukatulia. "Mwanangu," sauti ikaniambia, "mimi nalinda geti tu. Sista kaenda Kasulu harusini, anarudi Jumatatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa 24 yenyewe: mlinzi na tochi yake.

Mzee wa watu akahangaika, akampelekea simu daktari wa zamu. Kijana mpole. Akanieleza kwamba morfini inafungiwa kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, kila inayotoka inaandikwa daftarini na kutiwa saini, na ufunguo uko kwenye mkoba wa Sista. Mkoba uko Kasulu. Sina ugomvi na kabati kufungwa, ndivyo sheria inavyotaka na ina sababu zake. Ugomvi wangu ni ufunguo mmoja, mtu mmoja, na harusi moja kutosha kuzima huduma nzima.

Alitupa alichonacho, sindano ya diklofenaki na vidonge vya panadoli. Kwa maumivu ya kiasi kile, bila morfini, ilikuwa sawa na kumpa peremende. Usiku ule sitausimulia wote. Mama mdogo aliuza dagaa pale Kibirizi miaka na miaka, alizika mume na watoto wawili, na sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu. Usiku ule aliuma pindo la kanga ili wajukuu wasisikie. Saa tisa akaniita karibu, akaniuliza, "Kwani nimewakosea nini?" Mpaka leo namjibu, na hayupo wa kunisikia.

Alfajiri ya Jumapili binamu yangu alitoka na pikipiki kwenda Kasulu. Sista, nitamsema kwa haki yake, aliacha sherehe na pilau yake, akapanda nyuma ya pikipiki na hina bado mbichi mikononi. Kabla ya adhuhuri mama mdogo alipewa dozi yake. Haikufika saa nzima, akalala. Yaani dawa ilikuwepo wakati wote, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kitandani kwake.

Kwa hiyo, kabla hujasaini chochote, uliza hivi na uulize ukimtazama mtu usoni: ufunguo wa kabati la morfini leo uko kwa nani? Akienda likizo? Akifiwa? Jibu zuri lina majina ya watu wawili au watatu na namba zao. Jibu la "wewe usijali" lina maana anza kujali. Halafu uliza mara ya mwisho dawa ilipowaishia walifanyaje. Dawa huisha, hilo halina aibu. Ninayemwogopa ni anayeapa kwamba kwake haijawahi kuisha.

Kisha fanya uhuni kidogo. Piga namba yao Jumamosi saa nane usiku, kabla hujawa mteja wao. Akipokea mtu anayejua dozi ni nini, umepata watu. Akipokea mlinzi, mshukuru, mtakie usiku mwema, endelea kutafuta. Nimewafanyisha hivyo majirani wawili, na mmoja alibadili kituo usiku huo huo.

Na chupa usiingoje iishe. Ikibaki ya siku tatu, mtu awe njiani. Andikeni kila dozi kwenye daftari la shule, na za katikati pia, maana Sista hawezi kupiga hesabu ya asichokijua.

Yaliyobaki ni mepesi kidogo, ila yapime.

Anayekupa morfini bila kukupa dawa ya kulainisha choo hajui anachofanya. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na tumbo lililofunga wiki nzima ni adhabu nyingine juu ya adhabu.

Jirani atakuja akuambie morfini inakata roho. Muulize nesi swali hilo mbele ya jirani huyo huyo. Nesi anayeijua kazi ataeleza kwamba dozi huanza ndogo, hupandishwa polepole kufuata maumivu, na kwamba wapo wanaoitumia miezi mingi huku wakienda sokoni. Nesi akikujibu "hiyo tunaitunza kwa ajili ya siku za mwisho", chukua mgonjwa wako uondoke.

Tazama akiingia chumbani anazungumza na nani. Kama anaongea na ninyi watoto juu ya kichwa cha mgonjwa, kama vile aliyelala pale ni gunia la mihogo, huyo bado. Wetu wa mwisho, yule tuliyempata baada ya mkasa, aliketi kwenye mkeka, akamwamkia mama mdogo, akainua kiganja chake: "Mama, kidole kimoja ni maumivu madogo, vitano ni yasiyovumilika. Leo vingapi?" Ndiyo njia yao ya kupima. Inafaa hata kwa asiyesoma, na inamfanya mgonjwa awe na kauli kwenye ugonjwa wake.

Harufu. Watu wanaona haya kulitaja, nami nalitaja. Saratani iliyotoboka hunuka, na mgonjwa anaisikia kabla yenu. Mama mdogo alikuwa amewakataza mashoga zake kuja kumwona, tukadhani amechoka na wageni. Nesi huyu aliuliza siku ya kwanza tu, akatufundisha kusaga vidonge vya metronidazole na kunyunyiza unga wake pale pale panaponuka, baada ya kuosha. Siku chache baadaye mashoga walikuwa chumbani wanasengenya. Kwa hiyo uliza: kidonda kikinuka mnafanyaje? Akijibu uvumba na udi, anajua kupamba chumba tu.

Awafundishe na ninyi. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, kumsafisha kinywa, kumlisha akiwa ameinuliwa. Yeye atakuja mara mbili kwa wiki, siku nyingine zote nesi ni wewe.

Jihadhari na dripu. Mgonjwa aliyefika ukingoni hasikii njaa na kiu kama yetu, na maji mengi ya kwenye mshipa yanaweza kumjaa mapafuni na kumvimbisha miguu. Lakini dripu inaonekana, familia inafarijika, na bili inapanda. Zipo hali zinazoihitaji. Muulize hii ni ya nini, na itamfanya ajisikieje. Akishindwa kueleza, umeshajua ni ya nani.

Na anayeahidi kuponya, mfungulieni mlango wa kutokea. Awe na koti jeupe, awe na maji ya baraka, awe na mizizi kutoka ng'ambo ya ziwa. Shehe, padri na mchungaji ni wageni wa heri na mtoa huduma mzuri huwakaribisha. Nawasema wanaouza.

Uliza pia siku yenyewe ikifika nani anakuja. Wengine wakishasikia amefariki hawaonekani tena. Nesi wa kweli atakuja kuutoa mpira wa mkojo, ataichukua morfini iliyobaki irudi kwenye daftari lake, atakaa nanyi kidogo. Morfini ya marehemu isibaki ndani. Hata tone. Asipewe bibi mwenye mgongo, asipewe fundi aliyeng'olewa jino, hata kama analia.

Mengine ni ya nyumbani kwenu. Kaeni kikao mapema, ijulikane nani ana kauli ya mwisho, kabla shemeji hajafika kutoka Dar na kuanza kudai mgonjwa arudishwe hospitali. Namba za nesi ziwe kwenye simu tatu tofauti. Muwe na tochi yenye betri, maana umeme hauna adabu usiku. Bomba la kupimia dawa, lile lisilo na sindano, mwe nayo mawili, moja litapotea. Na chupa ikae juu kabatini, na kifuniko kikazwe. Wajukuu wa mama mdogo walishaanza kuiita juisi ya bibi.