Redio ya mkononi: namna ya kuichagua na kuitumia, kutoka Mikindani

Aprili 2019, tulipoambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, nilikuwa Mikindani na mama yangu ambaye miguu ilishamkatalia. Watu wa mabondeni waliambiwa wapande juu. Kila mtu alikuwa anampigia ndugu yake, nami nilimtafuta kaka yangu aliyekuwa Shangani, Mtwara mjini, karibu saa nzima bila kumpata. Kimbunga kikaishia ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikaua watu na kulaza nyumba chini. Sisi kikatupitia kando. Ila swali lilinibakia kifuani: minara ingeanguka siku ile, mimi na kaka yangu tungesemezana vipi, na kati yetu ni kama kilomita 10 tu za barabara?

Ndiyo nikaingia kwenye redio za ridhaa. Kwa umbo zinafanana na redio koli za walinzi, lakini hizi ni za watu binafsi wenye leseni, wanaozungumza wao kwa wao bila mnara, bila laini, bila vocha. Mimi ni fundi simu, kwa hiyo vifaa siviogopi, na bado nilikosea mara mbili kabla ya kupata ninachokitaka. Nakueleza ili usipite nilikopita.

Kabla hujatoa hela, anza na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kibali cha redio ya ridhaa kinatoka kwao, na ukikipata unapewa alama yako ya mwito, yaani jina lako la hewani, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H. Usinunue kwanza ukaomba baadaye. Na ukishapata, baki kwenye masafa yako: mita 2, yaani megahezi 144 hadi 146, na sentimita 70, yaani 430 hadi 440. Redio nyingi za bei nafuu hufika nje ya hapo, mpaka 156.8, chaneli 16 ya vyombo vya baharini. Hapo nahodha anaomba msaada mashua ikipinduka. Sisi tumezaliwa pwani, tunajua uzito wake. Usipaguse kwa mazoezi.

Sasa dukani. Muuzaji atakuambia habari ya wati: hii 5, hii 8, hii 10. Usimsikilize sana. Kutoka wati 5 kwenda 10 anayekusikiliza hataona tofauti kubwa, ila betri yako itaiona. Redio yangu ya kwanza niliinunua kwa ajili ya wati, na chaja waliyonipa haikuwa yake. Wiki ya tatu betri ilivimba kama andazi, mfuniko ukagoma kufunga. Duka halikutaka kunisikia. Tangu hapo nauliza vitu vitatu tu: betri ya akiba inapatikana Kariakoo? Chaja ni yake yenyewe? Na sikio lake, yaani uwezo wake wa kupokea, likoje?

Sikio ndilo jambo kubwa. Baofeng UV-5R ni rahisi kuipata, bei yake mtu wa kawaida anaimudu, na kwa kuanzia inatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba ukisimama karibu na mitambo yenye nguvu, mawimbi makali yanaizidi, na yule unayemtafuta kwa mbali anamezwa. Redio za ghali zaidi, kama baadhi ya zile za Yaesu, huvumilia hali hiyo vizuri zaidi. Ukiwa na uwezo, ongeza hela kwenye sikio kabla ya kuongeza kwenye wati. Redio za kidijitali, kama za DMR, ziache kwanza mpaka uwe na mwenzako aliye nayo, maana mwenye redio ya kawaida atasikia mkwaruzo mtupu.

Ishike mkononi kabla ya kulipa. Lowesha vidole kidogo, bonyeza kitufe cha kusemea, uone kama kinateleza. Angalia kitako cha antena: Baofeng ina msumari katikati kwenye redio yenyewe, Yaesu ina tundu. Mimi niliagiza antena ndefu kutoka Dar, ikafika baada ya siku nne, haikuingia. Msumari kwa msumari.

Tuje kwenye antena, maana hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Ile fupi ya mpira inayokuja na redio ni ya kubebea tu. Kwa mita 2, wimbi moja lina urefu wa mita 2 na kidogo (gawanya 300 kwa 145), na robo yake, urefu unaoifaa antena, ni kama sentimita 52. Antena ya kawaida inahitaji nusu ya pili ya kuegemea, na nusu hiyo kwenye redio ya mkononi ni mwili wako, ambao si waya mzuri. Ipe waya wa kweli. Chukua waya laini wa umeme, kata sentimita 50, menya ncha moja, ifunge kwenye chuma cha nje cha kitako cha antena, usiguse ule msumari wa katikati, halafu acha waya uning'inie chini kama mkia. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Nilipoujaribu, nilimtuma Hamisi, mtoto wa kaka yangu, ambaye naye ana kibali chake, akae ufukweni Shangani. Mimi nilikuwa Mikindani chini kabisa, karibu na soko, na antena fupi. Nikasikia kelele na vipande vya maneno. Nikafunga mkia. Sauti ikatoka kwenye kelele, nikasikia "Shangazi... unakatika." Kisha nikapanda kilima kilipo lile Boma la Wajerumani, nikageuka kuitazama bahari, redio nimeisimamisha wima.

"Shangazi, sasa uko kama umesimama hapa!"

Redio ile ile, betri ile ile, wati zile zile. Mawimbi haya hayapendi kupinda, yanaenda karibu kama macho yanavyoona. Watu wawili wakisimama usawa wa bahari wataonana kwa redio kilomita kama 10, pasipo na kilima wala msitu wa minazi katikati. Kila unapopanda, unaongeza. Ukiwa Newala, ukingoni pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liko chini yako, na redio ndogo inakuwa kubwa. Kwa hiyo usipopatikana, usiongeze nguvu. Sogea hatua mbili, panda ngazi, toka chini ya bati. Na usiilaze redio kama simu unapoongea: antena iwe wima, mdomo uwe mbali nayo upana wa vidole vitatu au vinne.

Kuipanga ni kazi ya jioni moja. Unaweza kuingiza masafa kwa vitufe, lakini ukipata kebo yake na kompyuta, programu ya CHIRP ni ya bure na inakuokolea macho. Ingiza 145.500, ndiyo masafa ya kuitana kwa upande wetu huu wa dunia, na 433.500 kwa sentimita 70. Ukishamwita mtu akajibu, hamieni masafa mengine, pale ni mlangoni tu. Kizuia mkwaruzo kiweke chini, 1 au 2. Ukikipandisha, kelele zinakatika kweli, lakini na mtu wa mbali anakatika nazo.

Kabla ya kusema, sikiliza nusu dakika. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uongee, la sivyo neno la kwanza linaliwa. Taja alama yako, sema kifupi, achia. Biashara hairuhusiwi humu, wala muziki, wala mafumbo ya kuficha maneno. Anayesikia yeyote anatakiwa aelewe.

Kuhusu chumvi: pwani hii inakula chuma. Nikitoka ufukweni nafuta redio kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, nakausha kivulini, na vidoti vya betri navipitishia spiriti kila mwezi. Betri ya akiba naihifadhi ikiwa na chaji nusu. Msimu wa mvua kubwa najaza zote mbili. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, zilikuwa zimejaa, na Hamisi alikuwa na yake Shangani. Kila saa kamili, dakika tano, tunaitana. Tulikubaliana hivyo kabla, na hilo lina maana kuliko redio yenyewe, kwa sababu ukiiacha inawaka kutwa kusubiri mtu asiyejua wakati, betri inaisha.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niipende redio hii, nalo halina dhoruba ndani yake. Kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu, na baadhi ya siku kinarusha picha kwa sauti kwenye 145.800. Unatafuta muda wake wa kupita, unasimama uwanjani, unaielekeza antena ubavu, si ncha, kule kituo kilipo, na unasogeza simu yenye programu ya kusoma SSTV, yaani picha hizo zinazotumwa kwa sauti, karibu na spika. Kupita kwake ni kama dakika 10. Mara ya kwanza mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, kanga begani. Redio ikaanza kulia kama chiriku, na kwenye simu mstari wa kwanza wa rangi ukajichora juu, kisha wa pili, kisha wa tatu, taratibu, dakika mbili kwa picha moja. Akauliza nani anaongea. Nikamnyoshea kidole juu ya minazi, upande wa bahari, na yeye akainua uso akatazama huko huko mpaka sauti ilipokatika.