Kupanga gia na tairi za Kombi ya zamani

Mwenye Kombi, basi dogo la Volkswagen, ya 1968 hadi 1971 akilalamika kwamba gari linapiga kelele barabara kuu, dawa anayoambiwa haraka ni kurefusha gia, yaani kufanya injini izunguke mara chache zaidi kwa mwendo uleule. Taratibu hapo. Injini yake ya 1600 (sisi 1600) inapozwa kwa hewa, na feni inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo. Ukikanyaga mafuta mlimani huku mizunguko iko chini, upepo unapungua na silinda hedi zinaungua.

Hatua ya 1: Pima tairi. Jaza upepo sawasawa, pakia mzigo wako wa kawaida, piga chaki tairi ya nyuma na sakafu, kisha sukuma gari mpaka alama irudi chini. Umbali huo ndio mzingo wa kufanyia hesabu. Tairi za 185R14 hutoa takriban mita 2.

Hatua ya 2: Hakiki giaboksi. Kiwandani ilitoka na krauni na pinioni (gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya meno 43 kwa 8, yaani 5.375, na gia ya nne ya 0.82. Zidisha, upate 4.41, yaani mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Lakini giaboksi za umri huu zimeshabadilishwa sana, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Zima swichi, toa plagi zote, weka vizuizi imara kwenye magurudumu ya mbele na la nyuma litakalobaki chini, inua la pili na uliegemeze kwenye stendi. Achia hendibreki, maana inashika magurudumu ya nyuma. Ingiza gia ya nne, zungusha gurudumu lililo juu mara 2 kamili, mwenzako ahesabu puli ya injini. Isogee mizunguko 4 na kama sehemu mbili za tano hivi, chini kidogo ya 4 na nusu. Ikiishia 4 tu, una giaboksi nyingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Mwendo wa kilomita 90 kwa saa ni mita 1,500 kwa dakika. Gawa kwa 2, gurudumu linazunguka mara 750. Zidisha kwa 4.41: injini iko karibu mizunguko 3,300 kwa dakika. Nguvu yake ya juu inapatikana kwenye 4,000, kwa hiyo haijaumia hata kidogo.

Hatua ya 4: Tazama pengo la gia ya tatu na ya nne, ambalo wengi hawaliangalii. Ya tatu ni 1.26. Ukibadili injini ikiwa mizunguko 3,800, kwa ya nne ya 0.82 unaangukia 2,470, ikiwa 0.88, unaangukia 2,650, na gari linaendelea kuvuta. Kwa 1600 ya kawaida inayobeba mizigo, mimi siigusi 5.375. Giaboksi ya Kombi ya lita 2, ya 4.57 na 0.88, iwekee injini yenye ubavu wake.

Hatua ya 5: Chagua tairi kwa uzito. Tafuta herufi C, alama ya tairi za magari ya mizigo. Namba 102 ubavuni inamaanisha kilo 850 kwa tairi moja. 195/70R14 ni fupi kwa takriban asilimia 3, na itapandisha injini mizunguko kama 100 kwenye kilomita 90 zilezile. Waya wa spidomita unatoka gurudumu la mbele, hivyo tairi fupi zikiwa mbele, mshale utasoma mwendo mkubwa kuliko ulio nao.