Nani anafuta kumbukumbu? Kuhesabu rejea kwenye draiva ya USB ya Linux

Draiva yangu ya kwanza ya USB ilikaa mezani kwangu wiki tatu bila tatizo. Ilikuwa ya kipima joto cha chumba baridi: programu inafungua `/dev/kipima0`, inasoma nyuzi, inaandika kwenye faili. Siku ya nne kwa mteja, mtu akapiga waya teke, kifaa kikachomoka, na mashine nzima ikaganda. Mezani nilikuwa nachomoa kistaarabu, nikishafunga programu kwanza. Huko kazini hakuna anayechomoa hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Kifaa kilipochomoka, kerneli (kiini cha Linux) iliita `disconnect` yangu, nami humo nilikuwa nimeandika `kfree` ya muundo (struct) unaobeba taarifa za kifaa, yaani kuufuta kwenye kumbukumbu. Programu ilikuwa bado imefungua faili, na pointa ya muundo uleule imo ndani ya `private_data` ya faili hiyo. Usomaji uliofuata ukaingia kwenye kumbukumbu isiyo yetu tena.

Kuna maswali mawili hapa, na mimi niliyachanganya. La kwanza: kifaa bado kimechomekwa? La pili: kuna yeyote ambaye bado ameshika muundo huu? Kihesabu rejea (kwenye kerneli ni `kref`), yaani namba ya walioshika muundo, kinajibu la pili peke yake. Ukikumbuka hilo, mengi ya hapa chini yatajieleza.

Hatua ya 1: kihesabu kikae ndani ya muundo

```c
struct kipima {
    struct usb_device *udev;
    struct kref rejea;
    struct mutex kufuli;
    bool imechomolewa;
    struct urb *urb;
    u8 *bafa;
};

static void kipima_futa(struct kref *k)
{
    struct kipima *kp = container_of(k, struct kipima, rejea);

    pr_info("kipima: imefutwa\n");
    usb_free_urb(kp->urb);
    usb_put_dev(kp->udev);
    kfree(kp->bafa);
    kfree(kp);
}
```

Hapa ndipo mahali pekee penye `kfree(kp)` katika draiva nzima. Ukiiona sehemu nyingine yoyote, hata kwenye njia ya kosa ndani ya `probe` (kerneli huiita kifaa kinapochomekwa), ifute uweke `kref_put`. `kfree`, `usb_free_urb` na `usb_put_dev` zote hazigombi zikipewa NULL, kwa hiyo muundo uliojazwa nusu nao unafutika salama.

Usitumie `devm_kzalloc` kwa muundo huu. Inavutia kwa sababu inajisafisha yenyewe, lakini inajisafisha draiva inapotenganishwa na kifaa, yaani wakati uleule niliopigwa mimi. Haina habari na kihesabu chako.

Hatua ya 2: probe inashika rejea ya kwanza

```c
kp = kzalloc(sizeof(*kp), GFP_KERNEL);
if (!kp)
    return -ENOMEM;
kref_init(&kp->rejea);
mutex_init(&kp->kufuli);
kp->udev = usb_get_dev(interface_to_usbdev(intf));
```

`kref_init` inaweka 1, si 0. Hiyo moja ni ya upande wa kifaa, na `disconnect` ndiyo itakayoiachia. `usb_register_dev` iwe ya mwisho kabisa: ikishaitwa tu, mtu anaweza kufungua faili kabla `probe` haijarudi.

Tazama pia `usb_get_dev`. Inazuia kumbukumbu ya `udev` isifutwe, lakini haikurudishii kifaa kilichochomolewa. Ni yale maswali mawili tena.

Hatua ya 3: open inashika, release inaachia

```c
intf = usb_find_interface(&kipima_draiva, iminor(inode));
if (!intf)
    return -ENODEV;
kp = usb_get_intfdata(intf);
if (!kp)
    return -ENODEV;
kref_get(&kp->rejea);
file->private_data = kp;
```

Shika kwanza, ndipo umpe mwingine pointa. Ukimpa kwanza, kuna upenyo mdogo ambamo kihesabu kinaweza kufika 0 ukiwa hujakigusa. Hapa tumesalimika kwa sababu USB ya kerneli inashikilia kufuli yake wakati wa `open`, na `usb_deregister_dev` inalazimika kuisubiri. Ukiwa na orodha yako mwenyewe ya vifaa, ulinzi huo huna: tafuta ndani ya kufuli la orodha, tumia `kref_get_unless_zero`, na hakikisha muundo unatolewa kwenye orodha chini ya kufuli hilohilo kabla ya kufutwa. `kref_get_unless_zero` bila kufuli haisaidii, maana inasoma kihesabu kilichomo ndani ya kumbukumbu ambayo huenda imeshafutwa.

`release` ni mstari mmoja wa `kref_put(&kp->rejea, kipima_futa)` na kurudisha 0.

Usisahau `.owner = THIS_MODULE` kwenye `file_operations`. Hicho ni kihesabu kingine, cha moduli, kinachozuia `rmmod` isiondoe msimbo wenyewe wakati faili iko wazi.

Hatua ya 4: disconnect

Hapa mpangilio ndio kila kitu.

```c
kp = usb_get_intfdata(intf);
usb_deregister_dev(intf, &kipima_class);

mutex_lock(&kp->kufuli);
kp->imechomolewa = true;
mutex_unlock(&kp->kufuli);

usb_kill_urb(kp->urb);
kref_put(&kp->rejea, kipima_futa);
```

Funga mlango wa kuingia kwanza, weka bendera, simamisha URB (ombi la USB) iliyo njiani, kisha achia. `read` nayo ichukue kufuli hilohilo, iangalie `imechomolewa`, irudishe `-ENODEV` ikiwa ni kweli, na iendelee kulishika kufuli hadi imemaliza kuzungumza na kifaa.

Mstari wa `usb_kill_urb` usiudharau. Hata `usb-skeleton.c`, faili la mfano ndani ya kerneli ambalo wengi wetu tumenakili, lilirekebishwa mwaka 2019 kwa sababu halikuwa likisimamisha URB ya kusoma.

Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni kuita `kref_put` wakati bado wameshika `kp->kufuli`. Ikiwa ndiyo rejea ya mwisho, muundo unaondoka pamoja na kufuli lake, halafu unakwenda kufungua kufuli lisilokuwepo. Fungua kwanza.

Hatua ya 5: chomoa kishenzi

Tumia mashine pepe yenye kerneli iliyowashwa `CONFIG_KASAN`, kikaguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu. Badala ya kuvuta waya mara hamsini, tenganisha kwa amri, ukiwa root (jina la kifaa chako litatofautiana):

```sh
exec 3</dev/kipima0
echo -n "1-2:1.0" > /sys/bus/usb/drivers/kipima/unbind
cat <&3
exec 3<&-
dmesg | tail
```

`cat` ilalamike `No such device`. Neno `imefutwa` litokee baada ya `exec 3<&-`, si kabla. Likitokea mara tu baada ya `unbind`, `open` yako haikushika rejea. Ukitaka kuona ajali yangu, weka `kfree(kp)` mahali pa `kref_put` kwenye `disconnect`: KASAN itakuonyesha nani kagusa, nani alitenga kumbukumbu ile na nani aliifuta.

Ukiona `refcount_t: underflow; use-after-free.` umeachia mara nyingi kuliko ulivyoshika. Onyo hili tunalo tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017, `kref` ilipohamia `refcount_t`. Kihesabu hiki hakizunguki kurudi 0 kikijaa, kinaganda juu. Kabla ya hapo kuzunguka kulikuwa hatari ya kweli: pengo la usalama CVE-2016-0728 lilitokana na rejea iliyovuja kwenye hifadhi ya funguo za kerneli, mshambuliaji akaijaza hadi ikarudi 0.

Na kama `imefutwa` haitokei kabisa, kuna aliyeshika bila kuachia. Anza na njia za makosa. Yangu ya mwisho ilikuwa ndani ya `open`: nilishika rejea, nikaita `usb_autopm_get_interface` ya kuamsha kifaa, ikashindwa, nikarudisha kosa na kuondoka. `open` ikishindwa, kerneli haiiti `release`, kwa hiyo rejea ile ilibaki haina mwenyewe.