Kula Samaki na Kunywa Bourbon Ukiwa Safarini Dar es Salaam

Msafiri anayetaka samaki mzuri na glasi ya Bourbon, wiski ya Marekani, katika mlo mmoja hana budi kuchagua mtaa kwanza, kwa kuwa migahawa mingi inayosifika kwa pweza na kamba, hasa ya Kariakoo na katikati ya jiji, haiuzi pombe, na si adabu kuingia humo na chupa yako. Bourbon utaipata kwa urahisi zaidi katika hoteli na migahawa ya Masaki na Oysterbay.

Ukishaketi, usianze na orodha ya vinywaji. Muulize mhudumu ni samaki gani walioingia leo, kisha uchague kinywaji kwa kumfuata samaki. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hushindwa kutoka siku nyingi na samaki wa kwenye friza huwa wengi zaidi. Pweza naye hupatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Ukipata nafasi, pita soko la samaki la Feri asubuhi wakati wa mnada, ili uzijue bei kabla ya kukutana nazo mezani.

Omba uonyeshwe samaki akiwa mzima. Inua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu na yenye unyevu, macho yawe yametuna, na nyama irudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole. Akitoa shombo kali, mrudishe bila kuona haya. Kamba kochi kwa kawaida huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako na bei itajwe kabla hajafika jikoni.

Sheria ya Marekani inataka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka za Bourbon, na wiski hiyo ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, ambayo huipa ladha ya vanila na sukari iliyoungua. Ladha hiyo hupatana na moto wa mkaa. Kwa maoni yangu hakuna kinachoifaa kuliko kamba wa kuchoma waliopakwa ukwaju, wale ambao maganda yao yameshika weusi kidogo pembeni huku nyama ya ndani ikiwa bado na majimaji; jodari wa kuchoma anafuata, na samaki wa kupaka pia, kwa kuwa tui zito la nazi hupunguza ukali wa kinywaji. Changu wa kuchemsha atamezwa na ladha ya pipa, kwa hiyo mnywee maji ya ndimu. Pilipili nayo iwe ya kiasi, kwani Bourbon kwa kawaida haiwi chini ya asilimia 40 za kilevi, na zipo za asilimia 50 ambazo zikikutana na pilipili mbuzi huuwasha ulimi usiweze tena kuonja chochote.

Agiza toti moja, na maji ya kunywa katika glasi nyingine. Imiminwe mbele yako kutoka kwenye chupa yenye stempu ya kodi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa sababu pombe bandia ni hatari kwa uhai. Dai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, uilinganishe na bei ya kilo uliyotajiwa, na uite teksi kabla ya kuagiza toti ya pili.